Krismasi ya Mombasa: Mtu hupita, mzigo hubaki Malaba

KILA ifikapo Desemba, jiji la Kampala huanza kuhama. Vituo vya mabasi hufurika abiria, nauli hupanda bila taarifa, na wakazi wengi hufunga milango yao wakaelekea Masaka, Mbarara, Mbale, Gulu na kwingineko kula sikukuu na wazee wao.

Lakini kwa miaka kadhaa sasa limeibuka kundi jingine lisiloelekea kijijini. Hawa hushika njia ya mashariki, wakavuka mpaka, wakateremka hadi Mombasa kula Krismasi kando ya bahari. Wamo vijana wenye ajira, wamo wanachama wa vikundi vya akiba waliochangishana mwaka mzima, na wamo hasa ndugu zetu waliorejea kutoka ng'ambo, wale tunaowaita watu wa kyeyo.

Sina ugomvi nao hata kidogo. Ziwa tunalo, tena kubwa, lakini ziwa si bahari. Desemba ndio wakati wa upepo wa kaskazi katika Pwani, jua ni kali, maji ni vuguvugu, na mtu aliyezoea baridi ya London au Toronto huona amefika peponi. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi hujaa watu mpaka mchanga hauonekani, na Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, hupokea wageni tangu asubuhi.

Ninachotaka kukijadili ni njia inayowafikisha huko. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni takriban kilomita 1,170, na basi la wapenda bahari hupishana mwendo wote na malori yanayobeba petroli yetu, ngano yetu, dawa zetu, vyuma vyetu, na yale makontena ambayo mfanyabiashara wa Kikuubo anayasubiri kwa hamu kabla ya tarehe 25. Njia ni moja. Wasafiri wake ndio hawatendewi sawa.

Mjadala huu umepata uzito mpya tangu Novemba 2025, Rais Yoweri Museveni alipozungumza na wasikilizaji wa redio mjini Mbale. Alilinganisha Afrika Mashariki na jengo la ghorofa, akauliza iweje uwanja wa nje uwe mali ya wapangaji wa chini peke yao. Akasema Bahari ya Hindi ni yake pia, na akagusia uwezekano wa vita siku za usoni. Kenya, watu walikasirika. Uganda, wengine walicheka na wengine walishangilia.

Serikali ya Kenya ilijibu kwa utulivu, ikikumbusha kwamba sheria za kimataifa zinaipa nchi isiyo na pwani haki ya kuifikia bahari. Ndivyo ilivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unazitambulia nchi kama Uganda haki ya kwenda baharini na kurudi, na uhuru wa kupitisha shehena katika nchi jirani. Lakini mkataba huo huo unasema masharti ya kupita yatakubaliwa baina ya nchi husika.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Haki ya Mganda juu ya bahari haiamuliwi ufuoni, wala haitaamuliwa kwa bunduki. Inaamuliwa Busia na Malaba, kwa saa anazokaa pale mwenye mzigo. Kwa kipimo hicho, msafiri wa sikukuu amekaribia kuipata haki yake. Mfanyabiashara bado.

Tuanze na msafiri. Tangu 2014, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mtu aliye na ndaga muntu mfukoni hahitaji pasipoti kwenda kuogelea Nyali. Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza rasmi Julai 2010, na kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa Februari 2018 na marais Museveni na Uhuru Kenyatta. Siku hizi abiria hushuka upande mmoja tu na kuhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili wakiwa ndani ya jengo moja.

Wale wazee waliosafiri kwa mabasi ya Akamba, ambayo hayapo tena, wanakumbuka jinsi ulivyopanga foleni upande wa Uganda, ukatembea na mizigo yako kichwani au ukapanda baiskeli, kisha ukapanga foleni nyingine upande wa Kenya. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa Busia, kwa vijana waliowavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Hiyo adha kwa abiria imepungua sana.

Usafiri nao umepanuka. Shirika la Uganda Airlines, lililofufuliwa 2019, limeweka Mombasa katika safari zake. Anayefika Nairobi kwa basi anaweza kupanda treni ya reli mpya, iliyoanza kazi kati ya Mombasa na Nairobi katikati ya 2017, akafika Pwani kwa saa zipatazo tano.

Sasa tumtazame mwenye mzigo. Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, nilikuwa nikivuka kwenye mmoja wa mipaka yetu. Karatasi zangu zilimalizwa kwa muda usiotosha kunywa chai. Pembeni alikuwa ameketi mama mmoja juu ya magunia yake manne ya maharage. Nikamuuliza, mama, unangoja nini? Akanijibu, "Mwanangu, nangoja yule kijana aliyekwenda na pesa zangu kunitafutia karatasi."

Karatasi aliyokuwa akiitafuta hutolewa bure pale pale mpakani. Ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Chini ya utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya, mfanyabiashara mwenye bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti hicho na hatozwi ushuru wa forodha. Hahitaji wakala. Yule mama hakuwa amewahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, na kijana aliyejiita wakala hakuwa na sababu ya kumwambia.

Matokeo yake tunayajua. Wengi huona afadhali njia za panya, wabebe maharage usiku kama wezi ilhali sheria inawaruhusu kupita mchana. Akikamatwa, hupoteza mtaji wote. Asipokamatwa, hulipa huku na kule njiani, na faida ya Krismasi huishia mikononi mwa watu wasiolima wala kuuza.

Hata kwa aliye na karatasi zote, mlango hufungwa ghafla. Januari 2020 maziwa ya Uganda yalikamatwa Kenya. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumu ya kuvu ni hatari ya kweli na sitetei mahindi mabovu. Lakini marufuku inayotangazwa lori likiwa tayari barabarani haimlindi mlaji tu, inamfilisi pia muuzaji ambaye mahindi yake huenda ni mazuri.

Wala Uganda si malaika. Sisi pia tuna ada zetu, mizani yetu na vizuizi vyetu, na madereva wa Kenya wana hadithi zao za kusimulia.

Historia inaonyesha jinsi msimu huu wa Krismasi unavyoweza kugeuka. Nitataja misimu mitatu.

Wa kwanza ni 1987. Katikati ya Desemba mwaka huo, majeshi ya Kenya na Uganda yalirushiana risasi Busia na mpaka ukafungwa. Ilibidi Rais Daniel arap Moi na Rais Museveni wakutane Malaba mwishoni mwa mwezi ndipo mambo yakatulia. Waliokuwa wamepanga kusafiri hawakusafiri, na waliokuwa na bidhaa njiani walikula Krismasi bila bidhaa.

Wa pili ni 2007. Kenya ilipiga kura Desemba 27, matokeo yakatangazwa Desemba 30, na nchi ikalipuka. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Waganda waliokwenda Pwani kwa mapumziko wakajikuta hawana njia ya kurudi. Malori yalikwama, reli iling'olewa Kibera, na hapa Kampala petroli ikaadimika hata magari yakaegeshwa. Maelfu ya Wakenya walivuka Malaba na Busia kutafuta hifadhi, wengi wakapokelewa Mulanda, wilayani Tororo. Wafanyabiashara wetu waliopoteza mali walizunguka na madai ya fidia kwa miaka.

Wa tatu ni ule wa mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022. Safari hii hakukuwa na risasi wala kura. Uganda ilitaka madereva wa malori wapimwe Covid-19 mpakani kwa malipo. Madereva wakagoma, foleni ikaenda makumi ya kilomita ndani ya Kenya, na Kampala ikakosa tena mafuta, hadi serikali ilipolegeza masharti. Agizo moja tu la ofisini lilitosha kufanya kazi iliyofanywa na vurugu mwaka 2007.

Katika misimu yote mitatu, bahari ilikuwa pale pale. Bandari ya Mombasa haikuhama. Kilichokatika ni njia, na kamba hukatikia pabovu.

Ningependa hapa msomaji azingatie jambo moja ambalo halizungumzwi sana. Katiba mpya ya Kenya ya 2010 iliuondoa uchaguzi mwezi Desemba na kuupeleka Agosti. Kwa hiyo hatari ya Krismasi iliyotoka upande wa Kenya imepungua. Upande wetu, mambo yamekwenda kinyume. Uchaguzi wa Uganda wa 2011 na ule wa 2016 ulifanyika Februari. Ule wa 2021 ulikuwa Januari 14, na wa 2026 ukapangwa Januari 15. Maana yake ni kwamba kila baada ya miaka mitano, Krismasi ya Kampala inaangukia katikati ya kampeni. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima, na mwenye kufanya malipo kwa simu alijua gharama yake.

Basi aliyezoea kuogopa Nairobi kila Desemba sharti ajifunze kutazama pia kalenda ya Kampala.

Kuna na suala la mafuta, ambalo limekuwa kipimo cha uhusiano wetu. Takriban mafuta yote tunayotumia hupitia Kenya. Aprili 2023 Kenya ilianza kuagiza mafuta kwa mkopo kupitia makubaliano na makampuni ya Ghuba. Uganda ikalalamika kwamba wakala wa kati wanapandisha bei, ikaamua kuagiza yenyewe kupitia shirika lake la taifa la mafuta, na Kenya iliposita kutoa leseni, Uganda ikaishtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwishoni mwa 2023. Waliafikiana 2024, na kuanzia Julai mwaka huo shirika la Uganda likaanza kuingiza mafuta moja kwa moja kupitia Mombasa.

Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kinachofaa. Uganda haikupata haki yake juu ya bomba la Mombasa kwa kutishia vita. Iliipata kwa kesi, kwa mazungumzo na kwa karatasi. Idi Amin alijaribu njia ile nyingine Februari 1976, alipodai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kuhudumia shehena za Uganda, na aliyeumia alikuwa mwananchi wa kawaida wa Kampala aliyekosa chumvi na sabuni.

Wapo wanaosema tuachane na Mombasa tuelekee Dar es Salaam kupitia Mutukula. Ni vyema kuwa na milango miwili, na bomba letu la mafuta ghafi linaelekea Tanga. Lakini Mombasa ndiyo iliyo karibu zaidi na Kampala, na Uganda ndiye mteja mkubwa kuliko wote wa shehena za kupita katika bandari hiyo. Mteja mkubwa hana haja ya kupiga kelele dukani. Anahitaji kudai huduma.

Huduma ya kudai ni ipi? Kwanza, reli. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901 na Kampala 1931. Reli mpya ya Kenya ilifika eneo la Naivasha 2019 ikasimama. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki mkataba wa kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Reli hiyo haitakuwa na faida kubwa iwapo pengo la Naivasha hadi Malaba halitazibwa. Viongozi wetu wakikutana, hilo ndilo la kuulizana.

Pili, marufuku ya bidhaa isitangazwe bila notisi. Mzigo uliokwisha kupakiwa uruhusiwe kupimwa na kupita ukiwa salama.

Tatu, dawati la wafanyabiashara wadogo mpakani liwe na watu kutwa nzima mwezi wa Desemba, na maelezo yaandikwe ukutani kwa Kiswahili, Kiluganda, Kisamia na Kiteso. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Mahali pa kwanza pa kukitumia ni pale mpakani.

Wakati tukingoja hayo, msomaji ana ya kufanya mwenyewe.

Wewe uliyerejea kutoka ng'ambo, angalia karatasi za watoto. Ukiwa na kitambulisho cha Uganda unapita, lakini mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza pekee ni mgeni. Kenya iliondoa viza Januari 2024 na badala yake inataka kibali cha kielektroniki kinachoombwa kabla ya safari. Ipo pia viza ya pamoja ya utalii ya Uganda, Kenya na Rwanda, ya dola 100 kwa siku 90, lakini sharti uiombe kwa nchi utakayoingia kwanza. Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2009, basi waandikishe watoto wako mapema badala ya kuhangaika nao kila sikukuu. Anayesafiri na mtoto bila mzazi wa pili abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Chukua kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na kavera ziache nyumbani, kwani Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017.

Ukienda kwa gari lako, beba kadi ya usajili, kibali cha muda cha kuliingiza Kenya, na ile kadi ya njano ya bima ya COMESA. Na kama gari lako au sanduku zako zinakuja kwa meli, usipange zifike Mombasa wiki moja kabla ya Krismasi ukitarajia kuzifungua Kampala mkesha wa sikukuu.

Wewe mfanyabiashara, kumbuka kwamba ule msamaha wa ushuru ni kwa bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki. Kitenge cha China hakigeuki kuwa cha Kenya kwa kununuliwa Mombasa. Wengi huingia hasara hapo, wakanunua vitu vya Krismasi kwa bei nzuri, kisha ushuru ukameza faida. Kumbuka pia kwamba cheti hakifuti kodi nyingine za ndani, na kwamba nafaka na mazao huhitaji cheti cha ukaguzi wa afya ya mimea. Uliza afisa wa forodha mwenyewe kabla ya kumpa mtu yeyote senti.

Zaidi ya yote, usiweke mtaji wote barabarani kati ya Desemba 15 na Januari 15. Bidhaa ya sikukuu iwe ghalani ifikapo mwisho wa Novemba. Anayeagiza mapema hulipia ghala, lakini gharama hiyo ni nafuu kuliko lori lililokwama.

Wanaokwenda Mombasa waende salama na warudi salama. Mpaka umefunguliwa kwa mwenye begi la nguo za kuogelea, na hilo ni jema, kwa maana miaka arobaini iliyopita lilikuwa ndoto. Sasa mlango huo huo ufunguliwe kwa yule mama mwenye magunia manne. Rais akitaka kujua kama Uganda ina bahari, atume mtu Malaba wiki ya Krismasi, ahesabu malori yaliyosimama, kisha aulize kila dereva amelala pale siku ngapi.